Shahidi Asiyekuwapo

Kwenye matanga ya Micheline walinipa dakika tano. Kijana aliyeshika mikrofoni alinifuata chini ya hema, akainama, akaninong'oneza: "Mama Angèle, ni weye utatoa témoignage ya marafiki. Dakika tano tu, Mama, juu mvua iko inakuja." Dakika tano! Nimefundisha fizikia katika mji huu wa Bunia mpaka nywele zimegeuka rangi, na hata kunyamazisha darasa dakika tano hazinitoshi. Nilisimama kutoa ushuhuda wangu, nikasema yale ambayo watu husema: alikuwa mtu wa watu, alikuwa na roho nzuri, alipenda kucheka, Bwana amempenda zaidi. Watu wakaitika amina. Nikarudi kwenye kiti nikiwa na hasira, maana katika yote niliyosema hakuna lililokuwa uongo, na hakuna lililokuwa Micheline. Micheline hakuwa na roho nzuri namna hiyo. Alikuwa mbishi, alikoroma, alikula viazi vikiwa vya moto bila kungoja vipoe, kisha akamlaumu aliyevipika kwamba amemuunguza ulimi. Mwaka mmoja, tukiwa wasichana, tulifanya kazi moja na kulala chumba kimoja, na mwaka ule ndio ulionifanya niwe nilivyo. Nilikuwa sijawahi kuueleza wote kwa mtu yeyote. Hapa hakuna mvua inayokuja, basi nitasema polepole.

Chumba kilikuwa mtaa wa Shari, ndani ya kiwanja cha mjane mmoja tuliyemwita Mama Régine. Mlango wake ulikuwa wa mbao za sanduku, ukifungwa maneno ya kiwandani yalisomeka kichwa chini miguu juu. Dirisha lilikuwa moja, nalo lilitazama uani, penye mbabula mbili za kupikia na jiwe la kusagia pilipili, kwa hiyo kila lililosemwa pale nje tulilisikia kitandani kana kwamba tumealikwa. Kitanda kilikuwa kimoja pia. Meza tuliazima chuoni na hatukuirudisha. Mvua ikipiga bati, hatukuweza hata kusikilizana, tukawa tunaandikiana maneno kwa chaki juu ya meza, tunafuta kwa mkono, tunaandika tena. Nikifumba macho sasa hivi nasikia harufu ya chumba kile: makala ya mbabula, sabuni ya kipande, viazi. Kwao Micheline ni milimani, upande wa Kpandroma, na kila gari la mizigo lililoshuka kutoka kule lilimletea gunia la viazi au kabichi zenye ukubwa wa kichwa cha mtoto. Kwetu sisi ni watu wa ng'ombe, na mimi nililetewa maziwa. Tulichemsha viazi, tukaviponda ndani ya maziwa na chumvi, tukala kwa kijiko kimoja kimoja kutoka sufuria moja. Mama Régine akipita alikuwa anatazama ndani ya sufuria na kuuliza kama tumeng'oka meno.

Hapo wasomaji wa jimbo letu la Ituri wameshaelewa, lakini wengine niwaambie wazi. Kati ya watu wa kwao na watu wa kwetu vita ilikuwa imepita. Nyumba zilikuwa zimechomwa huku na huku, kila upande ulikuwa na makaburi yake na hesabu yake ya nani alianza. Mwaka ule watu walikuwa wamerudi kuuziana sokoni na kusalimiana kanisani, lakini kulala kitanda kimoja ilikuwa habari nyingine. Sisi wawili hatukuchaguana kwa ushujaa wowote. Darasani kwetu wasichana tulikuwa wawili tu, na chef de travaux wetu, yaani mwalimu msimamizi, CT Anselme, mtu mwembamba aliyebeba thermos ya chai kila mahali, alipogawa kazi za mwisho alisema, "Hawa dada wawili watafanya mémoire pamoja, hivyo hakuna mwanaume atakayewafanya kuwa makatibu wake." Basi. Tukawa binôme, yaani watu wawili wa kazi moja, na baada ya wiki chache Micheline akahamia chumbani kwangu kwa sababu kwenda na kurudi kulimchosha.

Kazi aliyotupa ilikuwa juu ya quasar. Yeye alitamka kwazar, sisi tukasema kwaza, na Mama Régine aliposikia neno hilo kupitia dirishani aliacha kupepeta mchele. "Munasoma mambo ya kukwaza watu? Na wazazi yenu wanajua?" Micheline akamjibu kwamba kwaza iko juu, mbali kabisa, kupita nyota. "Basi ndio mubaya zaidi," akasema Mama Régine. "Kukwaza watu ya duniani tu haijatosha." Tangu siku ile alituita wasichana wa kukwaza, na alitutambulisha hivyo kwa wageni bila aibu. Lakini mwenyewe alitaka kujua, na kila tulipomweleza tulielewa vizuri zaidi. Katikati ya karibu kila galaksi kubwa, tulimwambia, kuna shimo jeusi, zito kupita akili. Siku nyingi limetulia tu. Lakini gesi ikianza kumiminika kuliendea, inazunguka, inapata joto, inawaka, mpaka mwanga wa pale katikati unashinda mwanga wa nyota zote za galaksi ile zikiwekwa pamoja. Huo moto ndio kwaza. Swali lilikuwa hili: kwa nini galaksi hii iwake, na ile isiwake? Wataalamu wengi walishuku majirani. Galaksi nyingine ikisogea karibu, inavuta, inavuruga, inasukuma gesi iende katikati. Na gesi hiyohiyo ndiyo inayozaa nyota. Kwa hiyo sisi tulitakiwa kutazama mambo mawili kuzunguka kila kwaza: majirani ni wangapi, na je, nyota bado zinazaliwa mle ndani au uzazi umekwisha. Galaksi inayozaa nyota ina rangi ya buluu. Iliyoacha kuzaa inakuwa nyekundu.

Vifaa vyetu vingewachekesha wanafunzi wangu wa leo, ambao wanaona galaksi kwenye simu wakiwa chooni. Profesa mmoja mgeni alikuwa amemwachia CT sahani za kompyuta zenye picha za anga na majedwali, vitu ambavyo watazamaji wa nchi za mbali walikuwa wameviweka wazi kwa kila mtu. Chuo kilikuwa na chumba cha kompyuta chenye harufu ya petroli, kwa sababu jenereta ilikaa palepale nyuma ya mlango. Petroli ikiwapo tulipima, tukachapa karatasi. Petroli ikiisha tulirudi Shari na karatasi zetu, tukazibandika ukutani kwa ugali uliobaki, na usiponishuku nitakuambia kwamba panya walikula galaksi kadhaa. Tulibishana kwa Kiswahili, tukaandika kwa Kifaransa. Ndivyo tulivyosoma sisi wote wa kwetu: kichwa kinafanya kazi kwa lugha moja, kalamu kwa nyingine. Na katikati ya hizo mbili ndipo tulipoangukia.

CT alikuwa ametuambia tuchague galaxies témoins, moja kwa kila kwaza, ili tulinganishe. Hatukumuuliza maana yake. Mtu atauliza nini, témoin si shahidi? Miezi ile Bunia nzima ilikuwa inasema mashahidi. Mahakama zilikuwa zimefunguliwa tena, watu walikwenda kusikiliza kesi za wakati wa vita kama wanaokwenda kutazama mpira, na uani kwetu akina mama walitengeneza mboga ya lengalenga huku wakipima nani ni shahidi wa kweli na nani amesimuliwa tu. Micheline alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akamenya viazi, akaamua. "Shahidi ni mutu yenye alikuwa pale. Utaenda kuuliza mutu wa Mambasa kama nani alichoma nyumba ya Shari? Ataona na macho gani?" Nikaona anasema kweli. Basi kwa kila kwaza tukatafuta galaksi zilizo karibu kabisa, majirani wa ukuta kwa ukuta, tukaziandika kuwa mashahidi. Tukahesabu na majirani wa hao majirani. Kazi ilikwenda vizuri ajabu. Hesabu za kwaza na hesabu za mashahidi zilitoka sawasawa, nzuri, hazina hata kovu, na tulijisifu mpaka tukanunua samaki mkubwa wa ziwani.

Samaki yule tulikuwa tumemla nusu wakati kaka yangu Faustin alipoingia. Kaka yangu hakuwa mtu mbaya, na nataka hilo lijulikane kwa sababu wajukuu wake watasoma haya. Alikuwa mtu aliyezika. Alimsalimia Micheline kwa adabu, akamuuliza habari za mvua ya milimani, akakataa kukaa. Micheline akaelewa, akakusanya vyombo akaenda navyo nje. Ndipo Faustin akasema. "Angèle, barabara ya juu imeharibika tena. Umesikia ile mashambulio ya juzi. Nyumbani wanauliza weye unalala na binti ya watu gani. Mimi niwajibu nini?"

"Micheline hana neno na mimi, Yaya," nikamjibu, maana kaka mkubwa kwetu huitwa hivyo.

"Sisemi Micheline. Huyu mutoto anaonekana muzuri. Minasema jirani zake. Wale wenye kumuzunguka. Siku moto itawaka, ni wao wataleta, na yeye atafanya nini? Atawaambia nini?"

Nilimwomba aniache mpaka tutakapotetea kazi yetu mbele ya jury ya maprofesa, kwa sababu sheria ya chuo ilikuwa kwamba binôme wanatetea pamoja, mmoja akikosekana wote wameanguka. Akafikiri, akitazama zile karatasi ukutani. "Sawa. Mpaka défense," akasema. "Siku ileile, kisha défense, unafunga valizi, ninakubeba. Kuna chumba kwa shangazi." Akaondoka bila kugusa samaki. Mimi nilikaa palepale nikisikia sahani zinagongana nje, na nilijua kabisa, kwa jinsi zilivyogongana, kwamba Micheline amesikia yote.

Ugumu wa Micheline ulikuwa huu, alijua kunyamaza mpaka ukuta unaomba radhi. Ila nilianza kuona kwamba amekuwa mzito. Yeye aliyekuwa wa kwanza kufika kwenye kompyuta alianza kuchelewa. Ukurasa mmoja aliuandika, akaufuta, akauandika tena. Wakati huohuo akina mama wa kikundi cha sala walikuja kwa Mama Régine, wakakaa chini ya dirisha letu, na mmoja akamshauri, kwa upole wa kanisani, amwondoe mmoja wetu ili kiwanja kiwe na amani. Hawakutaja yupi. Tukamsikia Mama Régine anapuliza makala. "Wote wawili wanaunguza sufuria yangu," akasema mwisho. "Nikimutoa mumoja, yenye kubakia ataunguza peke yake. Faida yangu iko wapi?" Mimi nilicheka ndani ya mto. Micheline hakucheka. Alikuwa amegeukia ukuta, anatazama karatasi za kwaza.

Tulipompelekea CT kazi yetu, tulidhani imebaki kusahihisha Kifaransa tu. Alituketisha kwenye benchi la ofisi yake, akatumiminia chai ya thermos, akasoma. Alifika kwenye majedwali akarudi nyuma, akaenda mbele, akarudi tena. "Hizi témoins mulizitoa wapi?"

"Pembeni, CT," nikasema.

"Pembeni ya nini?"

"Ya kwaza, CT," akadakia Micheline. "Ni zenyewe zilikuwa pale."

Aliondoa miwani. Kwanza alicheka, akacheka mpaka akakohoa, mpaka akalazimika kuweka kikombe chini. Kisha akaona nyuso zetu akaacha. Nitakumbuka daima kwamba aliacha. Akavuta kiti akakaa karibu yetu, akaacha Kifaransa chake cha darasani. "Musikilize. Nilikaa Epulu kwa mujomba yangu nikiwa kijana. Okapi iko kule. Sasa, mutu anataka kujua kwa nini okapi anapenda Epulu. Ataenda kuhesabu miti ya Epulu. Atakuta miti mingi. Na kisha? Atasema okapi anakuja kwa sababu ya miti? Hapana. Lazima aende mu pori ingine, ya namna ileile, mvua ileile, ila haina okapi hata moja. Ahesabu miti kule pia. Kama miti iko sawasawa, basi miti haina hatia. Ile pori ya pili ndio témoin. Iko mbali. Haikuona kitu. Kazi yake ni kutokuona kitu."

"Lakini shahidi asiyeona kitu atasema nini, CT?" Micheline aliuliza.

"Atasema kwake kukoje. Basi. Hiyo tu ndiyo tunamuomba." Akagonga jedwali letu kwa kidole. "Ninyi mulichukua jirani na mukamulinganisha na jirani yake. Lazima wafanane, wanakaa pamoja! Munapaswa kutafuta galaksi nyingine, mbali sana na hizi, yenye ukubwa uleule, yenye umbali uleule kutoka kwetu, isipokuwa haina kwaza. Kwa kila moja. Mwanzo." Tulimuuliza kama sesheni ya kutetea itasogezwa. Akasema haisogezwi. Anayekosa atangoja mwaka mwingine, na mimi nilijua Faustin hatangoja mwaka mwingine.

Tulirudi Shari kwa miguu. Chumbani Micheline alianza kubandua karatasi ukutani, moja baada ya nyingine, akaziweka kitandani vizuri kama anayekunja nguo za marehemu. Nikamwambia tukienda haraka tutafika, asubuhi tuwahi kabla jenereta haijachukuliwa na wengine. Akageuka. "Haraka ya nini? Nilisikia yaya yako siku ile. Tukimaliza, unaenda. Tusipomaliza, unaenda pia. Sasa niambie, Angèle, haraka ni ya nini?" Kisha akasema jambo ambalo sijawahi kulisikia tena kwa mtu yeyote, si mume, si mtoto: "Kama utaenda, enda leo. Nisizidi kukuzoea."

Nililia, na mimi si mtu wa kulia mbele ya watu. Nilimwambia kwamba sijui kumzuia kaka yangu, kwamba mwanamke wa umri wangu kwetu hawaambii wakubwa hapana. Lakini kazi ile ilikuwa na majina mawili juu yake, lake na langu, yamefuatana, kwenye karatasi moja, na hakuna shangazi ambaye angeweza kuyatenganisha yale. Nikamwambia nataka hilo. Nikamwambia nalitaka kuliko diploma. Alibandua karatasi ya mwisho. "Basi amuka mapema," akasema, na akalala bila kula, na akakoroma.

Yale majuma yaliyofuata ndiyo ninayoyarudia nikikosa usingizi uzeeni. Kazi ya kutafuta mashahidi wa kweli ni kazi ya uvumilivu. Unachukua kwaza yako, unaangalia ukubwa wa galaksi yake na umbali wake, kisha unakwenda kupekua anga lote kutafuta pacha asiyewaka. Tukimpata, tunamchorea duara lilelile, tunahesabu majirani wake, tunapima rangi. Nilianza kuzipenda zile galaksi za mbali. Hakuna mtu aliyekuwa ameandika kitu juu yake, hazikuwa na sifa yoyote. Micheline alizisalimia. "Mama mukubwa, habari ya kwako?" aliiambia moja, akichora duara lake. "Huku kwetu kuko moto. Weye tuambie tu kama uko na jirani wangapi." Chumba cha kompyuta kilinuka petroli mpaka mkate wetu ulinuka petroli. CT alipita mara kwa mara akaweka thermos yake mezani na kuondoka bila kusema imeachwa kwa nani. Jioni tulikula viazi na maziwa, na siku ambazo maziwa hayakufika kwa sababu ya barabara, viazi na chumvi. Na siku ambazo viazi havikushuka, maziwa matupu. Hatukusema kwa sauti kwa nini kimoja kimekosekana.

Na jibu lilitoka lilelile. Hili ndilo lililotuacha midomo wazi. Mashahidi wa kweli, wa mbali, walikuwa na majirani karibu idadi ileile na kwaza. Kwaza mbili tatu zilikuwa na mkia wa kugongana, ndiyo, mtu aliona kwa macho kwamba jirani aliingia kwa nguvu. Lakini nyingine zote zilikaa kati ya majirani wa kawaida kabisa. CT alituamuru tuandike kwamba ni katika sampuli yetu ndogo, tusijifanye tumemaliza anga. Nilimuuliza basi ile kazi ya kwanza ilikuwa na kosa gani, ikiwa jibu ni moja. Akasema mara ya kwanza tulikuwa hatuna haki ya kulisema. Tofauti ilikuwa kwingine. Nyumba za kwaza zilikuwa za buluu zaidi kuliko tulivyotazamia. Mahali penye moto mkubwa namna ile tulidhani tutakuta majivu. Tulikuta nyota zinazaliwa. Gesi iliyolisha moto ndiyo iliyokuwa inalea watoto, nyumba moja, chakula kimoja. Micheline aliitazama namba ya mwisho, akaweka kichwa juu ya meza, sikujua kama anacheka au analia, na nadhani naye hakujua.

Asubuhi ya défense niliamka kabla yake, nikazitoa nguo zangu kwenye kamba iliyopita juu ya kitanda, nikazipanga ndani ya valizi, nikaisimamisha kando ya mlango. Ahadi ni ahadi. Micheline aliiona akivaa viatu. Aliizunguka tu kama mtu anavyozunguka dimbwi. Ukumbini Mama Régine alikaa mstari wa mbele na kitenge kipya, na Faustin nyuma kabisa, na koti lake la Jumapili, mikono juu ya magoti. Mimi nilieleza picha na rangi. Micheline alieleza mashahidi. Alieleza vizuri, kwa Kifaransa kilichonyooka, bila kutaja tulikuwa tumekosea wapi, ila CT alitazama dari. Mjumbe mmoja wa jury akauliza: kama si majirani, ni nani basi anayewasha? Micheline akajibu kwamba kuni ziko ndani ya nyumba yenyewe. Jirani anaweza kusukuma, mara mojamoja, lakini nyumba isiyo na gesi haiwaki hata isukumwe vipi. Kisha akaonyesha shahidi mmoja, picha ya mwisho: galaksi iliyosongwa na majirani pande zote, imejaa gesi, buluu tupu, nyota zinazaliwa, na katikati kimya. Mjumbe akauliza hiyo kwa nini haikuwaka. "Hatujui," Micheline akasema. Akauliza kama moto wa kwaza mwishoni hufukuza gesi na kukatisha uzazi wa nyota. "Hatujui hata hiyo, Profesa. Kazi yetu haikufika pale." Walitupa distinction.

Wenzetu walikuwa wanatungoja nje na makopo ya pudri kama kawaida yetu, wakatumwagia vichwani mpaka tukawa weupe mpaka kope. Mama Régine akasema sasa tunafanana na bibi zake wote wawili. Tulirudi Shari tukiwa kundi, tukakuta wali, sombe ya majani ya muhogo na kuku alivyokuwa amepika tangu alfajiri, na uani watu wakakaa walipopata. Faustin alikuja kwa sababu alikuwa amekuja kunibeba. Alikubali kiti safari hii, kwa kuwa koti lake nalo lilikuwa limemwagiwa pudri na hakutaka kusimama nalo mbele ya watu. Micheline alimletea maji ya kunawa, akamshikia beseni, akamletea sahani. Faustin alikula kidogo, akaacha, akamwita alipokuwa anageuka.

"Binti, nikuulize. Mimi sikusoma hizi. Ile ya mwisho, yenye ilizungukwa. Jirani huku, jirani huku. Haikuwaka?"

"Haikuwaka, Yaya."

"Na kuni ilikuwa nazo."

"Nyingi sana."

"Sasa ilikuwa inafanya nini?"

Micheline alisimama na beseni mkononi, nywele nyeupe pudri, akafikiri kweli, kama vile yuko bado mbele ya jury. "Ilikuwa inaishi tu, Yaya," akasema. "Pamoja na wale jirani zake."

Kaka yangu alimaliza kuku wake, akaomba sombe tena, akaila yote. Watu walipoanza kuaga alinyanyuka, akajipangusa, akaingia chumbani kwetu mimi nikimfuata, maana saa ilikuwa imefika. Alisimama mbele ya valizi. Aliitazama, akatazama ukuta wenye alama za ugali, kitanda kile kimoja, meza ya chuo. Kisha akaigusa kwa ncha ya kiatu.

"Toa nguo mule ndani," akaniambia. "Zitakunjamana."

Akatoka, nikamsikia anamuaga Mama Régine na kushukuru kwa chakula. Nilipiga magoti nikafungua valizi, ingawa kufuli lilinishinda mara ya kwanza. Micheline aliingia na sahani chafu, akaniona. Aliweka sahani chini, akasogeza nguo zake kwenye kamba mpaka mwisho kabisa, akaniachia nafasi.